Kozi ya saa 40 ya mhudumu wa tabia: inamfaa anayekesha na vijana wodini Mbeya?

Tathmini hii ni kwa ajili ya muuguzi, ofisa ustawi wa jamii, mhudumu wa afya ngazi ya jamii au matroni wa bweni aliyeko Mbeya, Songwe, Njombe au Iringa, anayehudumia vijana wenye shida za afya ya akili na anayefikiria kusoma kozi ya mtandaoni ya saa 40 iliyotengenezwa kwa masharti ya cheti cha Marekani cha RBT (Registered Behavior Technician, yaani mhudumu wa tabia aliyesajiliwa). Wauzaji ni wengi, na zipo za bure kabisa, lakini mtaala ni ule ule kwa sababu masharti yanatoka kwa bodi moja, BACB, bodi ya Marekani inayotoa vyeti vya wataalamu wa tabia. Kwa hiyo tunapima mtaala na namna unavyofundishwa, si duka la mtu. Tunaupa nyota tatu kati ya tano. Zote tatu zimetokana na sehemu moja tu ya kozi.

Kwanza, cheti chenyewe hukipati. Tangu 2023 bodi hiyo imefunga mlango kwa waombaji wapya wa nchi nyingi, na Tanzania imo. Utakachopewa ni karatasi ya kumaliza mafunzo. Anayekuuzia kozi kwa maneno kwamba utakuwa RBT ukiwa Uyole, Mbeya, anakudanganya. Na hata kule kwenye asili yake, mwenye cheti hafanyi kazi peke yake: kila mwezi angalau asilimia 5 ya saa zake lazima ziwe chini ya msimamizi. Sharti hilo lichukue hata kama hakuna wa kukulazimisha. Ukifanya saa 160 kwa mwezi, tafuta saa 8 za kukaa na muuguzi mwandamizi wa afya ya akili au daktari wa magonjwa ya akili, naye akuone ukifanya kazi, asiishie kukusikiliza ukisimulia.

Malipo ni ya dola na kadi, na kadi pepe ya mtandao wa simu kwa kawaida inatosha. Bando ndilo linalowashtua watu. Video za saa 40 kwa ubora wa 360p hula takribani GB 12, na ukiacha simu ijichagulie ubora zinaweza kufika mara mbili ya hapo. Masharti yanataka mafunzo yasikamilike chini ya siku 5 wala yasizidi siku 180, hivyo huna sababu ya kukimbia: saa moja na nusu kwa siku unamaliza ndani ya mwezi mmoja. Majaribio usiyafanye jioni umeme ukiwa wa kusuasua, maana ukikatika katikati baadhi ya mifumo inakurudisha swali la kwanza. Lugha ni Kiingereza cha Kimarekani cha haraka. Washa manukuu na upunguze kasi hadi 0.75, utaelewa.

Sasa tuje kwenye sehemu inayostahili pesa, yaani moduli za upimaji na uandishi.

Zinafundisha kuandika tabia kama inavyoonekana na kusikika, bila kuingiza maana yako ndani. Utaona hilo ni dogo mpaka ufungue daftari la ripoti na kukuta "mgonjwa alichachamaa usiku, akatulizwa". Alifanya nini hasa? Dakika ngapi? Baada ya nini? Nani alimtuliza, na kwa njia gani? Anayepokea shifti asubuhi hana cha kushika hapo. Kozi inakufundisha safu tatu: kabla, tabia, baada. Ukizijaza vizuri zinasomeka hivi:

"Saa 2:10 usiku, chumba cha kulia. Kabla: amemaliza kuongea na baba yake kwa simu ya wodi, mhudumu amesema muda umeisha, akanyoosha mkono kuchukua simu. Tabia: amesimama, amepiga meza kwa kiganja mara 4, amesema 'mnanionea' mara 2, ameenda dirishani. Sekunde 90 tangu pigo la kwanza hadi alipoketi. Baada: mhudumu amerudi nyuma hatua mbili, amenyamaza, kisha amemletea chai."

Chukua maandishi kumi ya namna hiyo kwa siku nne. Ukikuta saba kati yake yametokea ndani ya robo saa baada ya simu ya nyumbani, mpango unajiandika wenyewe. Simu inasogezwa mchana wakati watumishi wapo wengi, kijana anaarifiwa dakika tano kabla ya muda kuisha, na simu anaiweka mezani kwa mkono wake badala ya kunyang'anywa. Hakuna dawa iliyoongezwa. Kazi hiyo imefanywa na karatasi.

Kozi inaeleza vizuri pia kipimo kipi kinafaa wapi. Kugonga kichwa ukutani unahesabu mara. Kulia au kupiga kelele unapima muda. Kukataa chakula au dawa unapima ucheleweshaji, yaani dakika tangu alipoombwa hadi alipoanza. Kosa tunaloliona zaidi kwa wanaoanza ni kuhesabu bila kuandika walitazama kwa muda gani. "Mara 6" ndani ya saa moja na "mara 6" ndani ya shifti ya saa nane ni vijana wawili tofauti kabisa. Kosa la pili ni kuandika mwisho wa shifti kutoka kichwani. Kata A4 vipande vinne, kaa na kimoja mfukoni, andika pale pale. Kalamu nayo irudi mfukoni kila mara. Isisahaulike mezani kwenye wodi ya vijana wanaojidhuru.

Baada ya hapo mtaala unaingia kwenye sababu za tabia, na hapa inabidi usome ukiwa na akili yako. Unafundishwa sababu nne: kupata uangalizi wa watu, kukwepa jambo, kupata kitu, na hisia inayotoka mwilini mwenyewe. Ni ramani nzuri kwa mtoto wa miaka mitano anayejifunza kuongea, na kozi nzima imejengwa juu ya watoto wa namna hiyo, hasa wenye usonji. Kijana wa miaka 17 anayejikata mkono haingii vizuri kwenye kisanduku chochote. Wengi wao husema wanafanya hivyo kutuliza kitu kilichojaa ndani. Ukiandika "anatafuta uangalizi", kufikia shifti ya tatu maneno hayo yamegeuka kuwa "anadeka" na "anajifanya", na ndugu wakisikia wanamchapa. Andika ulichoona. Sababu iache kwa msimamizi na kwa kijana mwenyewe.

Moduli ya kupunguza tabia ndiyo iliyotunyima usingizi. Inafundisha kupuuza kwa mpango: tabia iliyokuwa inapata kitu isipate tena, nayo itazimika. Inakueleza kwa haki kabisa kwamba kabla ya kuzimika hulipuka, inaongezeka nguvu na idadi kwa muda. Kwa mtoto anayelilia biskuti, mlipuko huo ni kelele tu. Kwa kijana anayejidhuru, mlipuko huo unaweza kumuua. Kozi inalitaja hili kwa kupita, kana kwamba ni tanbihi, wakati lilistahili saa nzima.

Kijana akisema "nimechoka kuishi" au "bora nisingekuwepo", hapuuzwi kwa namna yoyote ile. Anaulizwa kwa Kiswahili kisichozunguka: Unafikiria kujiua? Leo unafikiria? Umepanga utafanyaje? Kitu chenyewe kipo karibu? Kuuliza hakumpandikizii wazo kichwani. Mara nyingi kunampa nafasi ya kwanza ya kulitua. Akijibu ndiyo, haachwi peke yake hata kwa kwenda chooni, na msimamizi anaarifiwa papo hapo bila kungoja kukabidhiana shifti. Na ujue lugha ya hapa: wachache watakuambia wana sonona. Watasema wana mawazo, kichwa kinachemka, moyo unakwenda mbio, au kuna kitu wametupiwa. Andika maneno yao kama walivyoyasema.

Kuhusu tuzo, mifano ya kozi ni vibonzo kwenye kishikwambi na pipi. Badilisha. Kwa vijana wa huku vinavyofanya kazi ni dakika kumi za redio wakati wa mechi, kuwa wa kwanza kuchagua ndizi au viazi jikoni, bao la drafti na mhudumu anayempenda. Usitumie vizibo vya soda kuwa tokeni, yaani vitu vya kuhesabia pointi za tuzo, ingawa drafti yenyewe huchezwa kwa vizibo mtaani. Chuma hicho kinanolewa na kinamezwa. Vipande vya kadibodi vinatosha. Na tuzo isiwe kitu ambacho ni haki yake: chakula, blanketi, kuoga na kuonana na mama haviwekwi kwenye jedwali la pointi.

Kuna jambo moja la adabu ambalo Mmarekani aliyeandaa video asingeweza kulijua. Kozi inahesabu kutazamana usoni kuwa ujuzi wa kufundishwa, na kuinamisha macho kuwa upungufu. Binti wa Kinyakyusa au Kihehe anayeinamisha macho mbele ya mtu mzima amelelewa vizuri. Usimwandikie upungufu. Kinyume chake, kijana aliyezoea kutoa shikamoo kila asubuhi akiacha ghafla kwa siku mbili, hilo liandike. Baba akifika na hasira zake, salamu kwanza: "Shikamoo mzee, pole na safari, karibu ukae." Hapo ndipo maswali. Ukianza na maswali umemvunjia heshima mbele ya mwanawe, na kikao kimekufa. Kijana mwenyewe mwite kwa jina lake, au "kaka" na "dada". "Dogo" inafaa mkishazoeana, si wakati amekunja ngumi.

Yafuatayo hayamo kwenye kozi kabisa, na kwa kazi ya dharura ndiyo roho ya kazi.

Mwili kwanza. Kijana aliyechanganyikiwa ghafla ndani ya saa au siku chache hawi mgonjwa wa akili mpaka mwili uwe umepimwa: joto, presha, mapigo, sukari kwenye kidole, kipimo cha haraka cha malaria, shingo kama imekakamaa, kichwa kama kina jeraha la bodaboda. Fahamu zinazopanda na kushuka, na kuona vitu visivyokuwepo kwa macho zaidi ya kusikia sauti, vyote vinaelekeza kwenye mwili. Kwa nyanda hizi ongeza swali la kifafa. Ufugaji wa nguruwe wa kuachia umeenea Mbozi na vijiji vya Mbeya na Iringa, na mayai ya minyoo tegu yakiingia tumboni, viluwiluwi vyake hujenga vifuko kwenye ubongo vinavyoleta degedege ukubwani. Watu wengi hudhani vifuko hivyo vinatoka moja kwa moja kwenye kitimoto ambacho hakikuiva. Nyama hiyo humpa mtu mnyoo wa tumboni. Vifuko vya ubongoni vinatokana na mayai yaliyomo kwenye kinyesi cha mtu mwenye mnyoo, kupitia mikono, maji au mboga. Kijana aliyetoka kwenye degedege anaweza kuzubaa au kupigana kwa dakika hata saa kadhaa bila kujua anafanya nini. Huyo unamlaza ubavu na kusogeza vitu. Hakuna cha kumfundisha wakati huo.

Na viuatilifu. Kwenye mashamba ya viazi, kuanzia Uyole hadi Njombe, chupa za dawa hukaa chini ya kitanda. Kijana anayetokwa mate na jasho jingi, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, chukulia ni sumu na umkimbize hospitali kwenye atropini, dawa ya kupambana na sumu hiyo. Usimtapishe, usimpe maziwa, mvue nguo zilizolowa na umwoshe ngozi huku umevaa glavu. Familia inayomchukua kijana kwenda naye nyumbani iambiwe siku hiyo hiyo: dawa za shamba kwenye sanduku la kufuli, ufunguo kwa mtu mwingine, na vidonge vyake vigawiwe na mtu mzima kwa dozi za siku chache, si mfuko wa mwezi mzima.

Uangalizi wa usiku nao una ufundi wake. Kupita kila baada ya dakika 15 kunasaidia kama hakutabiriki. Ukipita saa 4:00, 4:15 na 4:30 kamili, kijana anajua ana dakika 14 za peke yake. Pita baada ya 6, kisha 13, kisha 9. Usitazame blanketi, tazama kifua kikipanda na kushuka, uhesabu pumzi. Juni na Julai usiku wa Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, na hapo usalama unagongana na baridi: sweta lenye kamba za kofia, kamba za viatu, mkanda na skafu vinatolewa, lakini huwezi kumwacha atetemeke. Weka akiba ya sweta zisizo na kamba na blanketi mbili nzito kwa kila kitanda. Kijana anayetetemeka halali, na asiyelala anapanda moto kufikia alfajiri.

Hasira za kijana zikipanda, anayesema ni mmoja tu. Wengine wanawaondoa watazamaji. Simama ubavu, umbali wa mikono miwili, viganja vikionekana, usiwe kati yake na mlango na usikubali akufungie wewe njia. Sentensi fupi, kisha ukae kimya hata sekunde kumi, maana akili iliyochemka inachelewa kusikia. Toa chaguo mbili za kweli: "Tukae hapa au twende nje kwenye benchi?" Kozi nyingi huweka kudhibiti kwa mikono kwenye mafunzo mengine ya kulipia, na ni sawa, kwa sababu hakuna anayejifunza hilo kwa video. Ila kinga moja ijulikane na kila mlinzi na kila ndugu: kijana halazwi kifudifudi na kukaliwa mgongoni. Anakosa pumzi, na ukimya wake unadhaniwa kuwa ametulia. Kumfunga kwa kamba ya manila hakuna nafasi kabisa.

Kama wewe si muuguzi, sindano ya kutuliza si kazi yako, lakini kinachofuata ni chako. Baada ya haloperidoli, mojawapo ya dawa za sindano hiyo, hesabu pumzi na mapigo kila robo saa kwa saa ya kwanza, ukiandika. Ndani ya saa chache hadi siku mbili tatu, hasa kwa wavulana, shingo inaweza kupinda upande, macho yakageukia juu, ulimi ukakakamaa. Ndugu wataona mapepo, na wengine wataomba ruhusa ya kumpeleka kwenye maombezi. Ni athari ya dawa, inatibika haraka kwa dawa ya promethazini au benzheksoli. Mwite muuguzi, kisha kaa umweleze kijana kinachoendelea, kwa sababu anasikia kila kitu na ana hofu kubwa kuliko wote chumbani.

Moduli ya maadili ni nzuri kwa moyo wake, lakini sheria zake ni za kwao. Pale wanapotaja sheria yao ya faragha, wewe soma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Penye kuripoti ukatili, kwa aliye chini ya miaka 18 una Sheria ya Mtoto ya 2009, ofisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na namba 116 ya simu ya msaada kwa mtoto, ambayo ni bure. Namba 988, ya Marekani kwa anayefikiria kujiua, haipokelewi hapa. Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 ndiyo inayoongoza kulazwa bila hiari. Na ujue kwamba Kanuni ya Adhabu bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, ndiyo maana familia nyingi zitasema "aliteleza" au "alikosea chupa". Usiwabane kwa sauti ya polisi. Uliza kwa upole, mlango ukiwa umefungwa, ukianza na kijana peke yake.

Kama umeamua kuisoma, usifuate mpangilio wa muuzaji. Anza na upimaji, chapa fomu ya safu tatu, itumie wodini kwa wiki mbili kabla ya kufungua moduli inayofuata. Kisha nenda uandishi wa ripoti, halafu maadili. Moduli ya kupunguza tabia isome na msimamizi akiwa pembeni, mkisimamisha video kila inapotajwa kupuuza na kuulizana: kwa kijana wetu wa kitanda cha tatu, hii ingemfanya nini? Saa zilizobaki za kufundisha watoto rangi na maumbo ziweke mwisho kabisa, isipokuwa kama kituo chako kina watoto wenye usonji. Hao nao wapo, na kwao kozi hii ni ya nyota nne.